Kijana ninayemlea kiroho amefanya alichoniona nikifanya. Nijiuzulu uenyekiti wa jumuiya?

FundiFriji_Kimara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naandika usiku huu mke wangu akiwa amelala. Hapa mtaani sina wa kumwambia kwa sababu wote wananiita mwenyekiti. Nina miaka 31, ni fundi wa friji na viyoyozi, nasali KKKT, kanisa la Kilutheri, hapa Dar. Januari nilichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Tuko kaya 18, tunakutana Jumamosi saa 12 asubuhi kwa zamu, nyumba hii leo, ile wiki ijayo. Tunaimba, tunasoma Neno, tunakusanya sadaka na mfuko wa faraja, na ikifika saa 1 na nusu kila mtu anashika njia kwenda kwenye shughuli zake.

Kuna kijana wa miaka 22 ambaye ni saidia fundi wangu. Alikuja kwangu ametoka kwenye pombe, nyumbani kwao walishamkatia tamaa. Nilimshika mkono. Saa ya chai, kabla hatujafungua friji za watu, tulikuwa tunasoma Injili ya Marko pale kibandani, sura moja kwa siku. Mwaka jana alipata kipaimara katika darasa la watu wazima, na siku ile nilisimama nyuma yake kama ndugu yake wa damu. Nilijisikia nimefanya kitu maishani.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa 4 mhazini wetu alisafiri kwenda msibani Songea, akanihamishia fedha za mfuko kwenye simu yangu, shilingi 460,000. Wiki hiyohiyo nikapata kazi ya friji la bucha. Mwenye bucha hakuwa na kianzio, na kompresa inataka 150,000. Nikachukua kwenye mfuko. Kijana alikuwa nami Kariakoo, aliniona nimesimama kwa wakala natoa, na mimi kwa mdomo wangu nikamwambia: "Hii ya jumuiya, naizungusha tu, narudisha." Baada ya siku 9 nilirudisha yote, hata makato ya kutolea niliyafidia. Mhazini aliporudi hesabu ilikuwa sawa. Hakuna aliyejua.

Jumapili iliyopita kiongozi wa kwaya ya vijana alinivuta pembeni. Kijana wangu ndiye mtunza fedha za sare, na 70,000 haionekani. Nikamwita. Nilianza na maandiko, nikamfungulia ile ya aliye mwaminifu katika lililo dogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika bisibisi anaizungusha vidoleni. Halafu akasema, "Kaka, nazizungusha tu. Narudisha."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayerudia somo alilofundishwa.

Tangu siku hiyo sijaweza kuomba vizuri. Naombeni mawazo yenu. Niachie uenyekiti? Niseme mbele ya jumuiya yote? Au nimalizane na kijana kimyakimya, arudishe, tusonge mbele?

Kaka_wa_Tegeta

Pole sana ndugu yangu. Mimi nakushauri usimwage mtama kwenye kuku wengi. Ulikopa, ukarudisha, hakuna aliyeumia. Ukisimama mbele ya kaya 18 ukasema "nilichukua", watakaosikia "nilirudisha" ni wachache. Kesho yake utakuwa mwizi wa sadaka mtaa mzima, na wateja utawakosa. Una mke na watoto wanaokutegemea.

Tubu mbele za Mungu, yeye anajua moyo wako. Mwambie kijana arudishe, ukiweza msaidie hata nusu. Kisha usiguse tena fedha za watu. Basi.

MwanaKwaya_Moro

Kaka wa Tegeta nakuheshimu, ila niruhusu niseme kama mtu niliyekuwa upande wa yule kijana.

Nikiwa na miaka 19 nililelewa kiroho na kiongozi mmoja wa kikundi cha maombi. Simtaji wala sitaji kanisa. Nilimpenda kama mzazi. Siku moja niliona jambo ambalo sikupaswa kuliona, nikamuuliza kwa adabu zote. Akaniambia sikuona vizuri. Nikamuuliza tena, akaniambia shetani ananitumia kuharibu huduma. Nilikaa miaka mitatu sikanyagi kanisani.

Kosa lenyewe wala halikuniumiza hivyo, maana najua binadamu anaanguka. Niliumizwa na kuambiwa sikuona nilichokiona. Baada ya hapo kila mhubiri aliyesimama nilikuwa najiuliza anaficha nini.

Kijana wako bado hajafika huko. Yeye haoni kwamba ulikosea, anaamini ulikuwa sahihi! Mimi naona hilo ni baya kuliko langu, kwa sababu atalibeba na kumfundisha mwingine. Kabla ya jumuiya, kabla ya mchungaji, mwambie yeye: "Siku ile Kariakoo niliiba, na nikakudanganya kwa kuita wizi kuzungusha." Tumia neno lenyewe.

MzeeWaKanisa_Arusha

Nimekuwa mzee wa kanisa vipindi vitatu, nitasema machache ya utaratibu.

Usiandike barua ya kujiuzulu usiku. Nimeona viongozi wengi wakijiuzulu, na ukichunguza unakuta wanakimbia aibu tu, toba haijafika. Uenyekiti ulipewa na kaya 18 chini ya mwinjilisti na mchungaji, basi wao ndio wa kukuambia ubaki au upumzike. Nenda kwa mwinjilisti wa mtaa wako wiki hii, ueleze kama ulivyotueleza hapa, bila kupunguza. Kisha mhazini, maana yeye ndiye aliyekuamini na jina lake liko kwenye daftari. Jumuiya baadaye, kwa namna mtakayokubaliana na mchungaji.

La kijana usilitangaze. Dhambi yako ni yako kuisema, yake ni yake.

Halafu fedha za jumuiya zitoke kwenye simu ya mtu mmoja. Siku hizi ipo akaunti ya kikundi ya kwenye simu ambayo fedha haitoki mpaka wenzako waidhinishe. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, na akaeleza sababu wazi katika 2 Wakorintho 8: mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha ile, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Paulo mwenyewe! Sisi na vijisimu vyetu tunajiamini kuliko yeye.

Bibi_wa_Kamachumu

Mjukuu wangu, Bwana asifiwe. Naandika taratibu kwa simu ya mwanangu, macho si yale ya zamani. Nimefanya kazi ya uuguzi, nimestaafu, nina migomba yangu na kahawa kidogo hapa Kagera. Swali lako nimelisoma jana, usiku sikulala vizuri, kwa sababu limenirudisha mwaka 1970.

Mwaka huo nilikuwa na miaka 19, nimeokoka karibuni. Huku kwetu wakati ule ndugu wa uamsho walikuwa wengi. Uamsho ule ulianzia Gahini kule Rwanda na kwa Waganda, ukavuka ukaja Buhaya kabla mimi sijazaliwa. Askofu wetu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Mtu akiokoka hakuachwa hivihivi. Alikabidhiwa kwa ndugu aliyemtangulia, amlee. Mimi nilikabidhiwa kwa mama mmoja muuza maharage. Hakusoma zaidi ya darasa la pili. Nilikuwa nimemzidi kusoma, na nakiri kwamba moyoni nilijiuliza atanifundisha nini.

Alikuwa akipima maharage kwa kopo la bati. Siku za gulio nilikuwa namsaidia, nashika mdomo wa gunia yeye anachota. Alhamisi moja kwenye ushirika, watu wameshaimba, wengine wameshatoa ushuhuda, mama yule akasimama. Hakulia. Alisema, "Ndugu, kitako cha kopo langu kimeingia ndani. Nilikigonga kwa jiwe mwenyewe, mwaka juzi." Akakaa.

Mimi nilidhani yamekwisha, ameungama, tumeimba Tukutendereza, wimbo wetu wa uamsho, tumekwenda nyumbani. Siku ya gulio nikamkuta ameweka makopo mawili juu ya mkeka, la zamani na jipya. Kila mteja aliyefika, alichota maharage kwa lile la zamani, akayamimina kwenye jipya, akamwonyesha. Ilibaki nafasi ya vidole viwili. Akamwambia, "Hii ndiyo niliyokuibia kila uliponunua kwangu." Kisha akampimia kwa kopo jipya, akamwongezea la bure juu yake. Wengine walimcheka. Wengine walimtukana. Mwanamume mmoja alidai makopo 10, na sote tulijua hakuwahi kununua kwake hata mara moja. Mama akampimia 10. Tulirudi jioni na gunia tupu na mfuko wa fedha tupu. Njiani hakunihubiria neno. Aliniambia nibebe mkeka.

Mjukuu wangu, nilihudhuria semina nyingi baada ya hapo, na nyingine nilizifundisha mimi. Ukiniuliza ni siku gani nilifanywa kuwa mwanafunzi wa Yesu, ni siku ile ya makopo mawili.

Angalia maneno ya Bwana katika Mathayo 28. Watu wanayakariri vibaya. Hakusema tuwafundishe watu yote aliyotuamuru. Alisema tuwafundishe "kuyashika". Kushika ni kazi ya mikono. Kijana wako amesoma Marko kwako kwa masikio, lakini pale Kariakoo alisoma kwa macho, na macho yana nguvu. Basi usidhani utafuta somo la macho kwa kumsomea aya nyingine. Inabidi aone.

Kwa hiyo yule dada wa Morogoro amesema kweli, na mzee wa Arusha naye amesema kweli. Mimi naongeza hili: nenda na kijana kwa mhazini. Akae pale asikie unavyosema. Usimwombe aseme lake. Mwache akuone wewe ukisema lako mbele ya mtu uliyemkosea, bila kueleza habari za mwenye bucha na kianzio. Tunapenda sana kueleza.

Nisikufiche, na sisi ndugu wa uamsho tulikuwa na makosa. Tulisema tunatembea nuruni, na wengine wakageuza nuru kuwa tochi ya kuwamulika wenzao. Nimeona mikutano ambapo mtu aliungama hasira yake kwa kueleza dhambi zote za mkewe. Nimeona walioungama kwa ufasaha mpaka wakaanza kualikwa kuungama. Toba yako iwe fupi. Iende kwa waliokosewa, iambatane na kitu mkononi kama yule mama.

Huwa nasimulia pia habari za Festo Kivengere, yule Mganda aliyefundisha shule Dodoma kwetu miaka mingi kabla hajawa Askofu wa Kigezi. Baada ya kuokoka, Mungu alimkumbusha mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Akapanda baiskeli, akasafiri mbali, akagonga mlango wa yule mzungu na kumwomba msamaha. Watu wanakumbuka mahubiri yake kwenye viwanja vikubwa. Mimi nakumbuka baiskeli.

Sasa la uenyekiti. Sijui kama utabaki, watakuambia wenye kukuambia. Lakini nina la kukuonya ambalo hujauliza, maana nimelisikia kwenye maneno yako: "kijana wangu", "nilimshika mkono", "nilijisikia nimefanya kitu".

Nilipokuwa muuguzi nilikabidhiwa binti mmoja. Nilimpenda mno. Alikuwa haamui jambo bila kuniuliza: aolewe na nani, afunge siku ngapi, asome kitabu gani cha Biblia. Nilifurahi, nikasema huyu ni mwanafunzi kweli. Kisha nikahamishiwa Biharamulo. Baada ya miezi sita nikasikia ameacha kusali. Nilimfuata, nikamkuta anaanika mihogo, nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "Dada, ulipoondoka sikujua Mungu anapatikana wapi."

Nilimfuga yule mtoto, sikumlea. Mfugaji anataka mbuzi arudi zizini kwake kila jioni. Mlezi anataka mtoto aweze kutembea asipokuwepo. Yohana Mbatizaji alikuwa na wanafunzi, na siku alipomwona Yesu akipita akasema, "Tazama, Mwanakondoo wa Mungu," na wawili wakamwacha palepale wakamfuata Yesu. Yohana hakuwaita warudi. Mimi ilinichukua miaka mingi kuipenda aya hiyo.

Huenda Mungu amekuvunja mbele ya kijana huyu ili aone kwamba wewe si Kristo, na mapema, wakati bado mnaweza kukaa kibanda kimoja. Ukijisimamisha upya kama shujaa wa toba utakuwa umerudi kulekule. Mwambie ulikosea, mpeleke kwa Yesu yuleyule unayemwendea wewe, mkae naye chini upande mmoja wa meza.

Na ujiulize swali moja ambalo Kaka wa Tegeta amelipita haraka. Anasema hakuna aliyeumia. Zile siku 9, una hakika hakuna aliyeuhitaji mfuko wa faraja?

Nakuombea kwa jina, ingawa jina silijui.

Kaka_wa_Tegeta

Bibi, nimesoma. Nimenyamaza. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina baba kwetu. Naomba na mimi mniombee.

FundiFriji_Kimara

Wapendwa, imepita siku 11, nimerudi kuwaeleza kwa sababu mlibeba mzigo wangu.

Nilianza na kijana. Ilikuwa saa ya chai, mashine imezimwa. Nilisema kama dada wa Moro alivyosema, nikatumia neno lenyewe. Aliangalia chini muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo na mimi nimeiba?" Nikamwambia ndiyo, sote wawili. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikashindwa kujizuia. Mteja alifika kuchukua friji lake akatukuta hivyo, akageuza, akasema atarudi mchana.

Kwa mwinjilisti nilikwenda peke yangu. Kwa mhazini nilikwenda na kijana, kama Bibi alivyosema. Nilimaliza kueleza kwa sentensi nne. Nilitaka sana kutaja ile bucha, nikauma ulimi.

Mhazini hakukasirika nilivyotegemea. Alikaa kimya, akaingia ndani, akatoka na daftari. Akafungua mwezi wa 4, akaniwekea kidole. Bibi, siku ya nne baada ya mimi kutoa zile fedha, mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alimpigia simu akiwa Songea. Mtoto wake alikuwa amelazwa, aliomba 100,000. Mhazini alimjibu asubiri arudi, kwa sababu alijua fedha ziko kwangu na hakutaka kunisumbua kazini. Mama yule aliuza cherehani yake. Mtoto alipona, ila cherehani ndiyo ilikuwa inamlisha. Tangu hapo nilikuwa namwona anauza maandazi asubuhi, nikadhani ameamua tu kubadilisha biashara. Nilishawahi hata kumpongeza.

Jumamosi nilisema mbele ya jumuiya, mchungaji akiwepo. La kijana sikuligusa. Kulikuwa na ukimya, mtoto mmoja tu alikuwa anapiga kijiko kwenye kikombe. Mama mjane aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kusema neno. Wengine walikuja kunishika mkono, wengine hapana. Mchungaji amesema nipumzike uongozi kwa miezi mitatu, kisha jumuiya itaamua. Makamu anaendesha. Fedha zimehamia kwenye akaunti ya kikundi, waidhinishaji watatu, na mimi simo.

Kijana alikwenda mwenyewe kwa kiongozi wa kwaya, mimi nikiwa sijui. Ameshalipa 30,000. Wamemwondoa kwenye utunza fedha, bado anaimba. Tulifika Marko sura ya 10 tulipoacha, na juzi yeye ndiye aliyefungua kitabu.

Kuhusu cherehani, nimeiulizia. Aliyeinunua yuko Ubungo, anataka 250,000, haipunguzi. Nimeshapata 90,000 kwa kazi mbili za viyoyozi. Jumamosi ijayo zamu ya ibada ni nyumbani kwa yule mama. Hajasema kama nisije. Nitafika mapema kidogo nipange viti, akinikataza nitakaa nje barazani.

Endeleeni kutuombea.